Kibao cha Mstari wa Tatu

Kibao kilikuwa chekundu, cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba, nacho kilining'inia kwenye msumari juu ya meza ya msimamizi. Wanawake arobaini wa mstari wa tatu walishona mifuko ya suruali, jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye msumari ule. Kibao kikiwapo, unakichukua unakwenda chooni, dakika nne. Msumari ukiwa mtupu, unakaa. Unabana magoti, unauma meno, unashona.

Mama Taratibu alikuwa amebana tangu saa tatu, na sasa saa saba ilikuwa inabisha hodi.

"Nenda basi, kimerudi," alinong'ona jirani yake wa cherehani ya kulia, mwanamke waliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyejua inazimwaje.

"Mwache mjamzito atangulie."

"Kaenda mara mbili leo. Huyo mtoto wake atazaliwa ameshika kibao."

Wakacheka puani, vichwa vimeinama, maana kicheko nacho kilikuwa na mipaka yake mle ndani.

Mama Taratibu hakujaliwa kusahau. Miaka tisa nyuma, siku ya Alhamisi, walipokuwa wakishona sare za kijani, bibi mmoja mwenye mvi alijikojolea pale pale kwenye stuli akisubiri kibao. Hakulia. Alikunja kitambaa alichokuwa anakishona, akakilaza mezani pembe kwa pembe, akatoka, na hakuonekana tena. Mama Taratibu alisimama siku ile akamwuliza msimamizi ni nani aliyekipima kibofu cha binadamu akaona dakika nne zinakitosha. Kwa swali hilo alitolewa kwenye kola, kazi ya mafundi, akatupwa kwenye mifuko. Waliojenga jengo lile waliweka vyerehani mia mbili na vyoo vitatu. Wengine walisema ni bahati mbaya. Yeye alijua mtu hapati bahati mbaya akiwa na rula mkononi na ramani mezani.

Nyumbani alikuwa na vita nyingine.

Binti yake alikuwa anakaribia miaka mitano. Aliketi akiwa na mwaka na nusu, akatembea akiwa na mitatu, na maneno yake yote yangeenea kwenye kisoda: mama, bibi, maji, hapana. Jina la Taratibu alipachikwa na majirani, kwa kejeli, na mama yake akaliokota akalivaa yeye kwanza, lisije likatumika kumpigia mtoto. Aliyemlea mchana alikuwa bibi yake mzaa baba, na bibi huyo alikuwa anasafiri Jumatatu adhuhuri kwenda kwa binti yake mwingine aliyekuwa anatarajia mapacha. Mwaka huu harudi. Baba wa mtoto ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani huonekana kama mgeni. Basi ama Taratibu aingie shule ya chekechea, ama mama yake aache cherehani. La tatu halikuwapo.

"Kutosema si tatizo, atasema kwa wakati wake," mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, alikuwa amemwambia wiki mbili nyuma. "Lakini nina msaidizi mmoja kwa watoto hamsini. Asiyejua kwenda chooni siwezi kumpokea, mama, nitakudanganya. Jumatatu saa mbili mlete akae nami hapa. Nione."

Wiki mbili! Mama Taratibu alinunua poti ya plastiki ya bluu akaiweka kwenye kona ya sebule. Akaweka na saa ya kengele. Kila nusu saa kengele ilie, bibi amkalishe mtoto, na jioni zamu ni yake mwenyewe.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu, kengele ililia.

"Kaa."

Taratibu akakaa.

"Mama," akasema.

"Mama ndiyo. Kojoa."

Mshale wa saa ulitambaa. Dakika moja, mbili, nne. Poti ilikuwa kavu. Akamwinua, akampandisha chupi, na kabla hajaachia ukanda wake, maji ya moto yakamteremka mtoto miguuni, yakamlowesha na mama vidole.

"Makusudi! Unanifanyia makusudi wewe!"

Mkono wake ulikuwa umeshamkamata mtoto juu ya kiwiko. Taratibu hakumtazama mama yake. Alitazama saa. Kisha akafumba macho, shingo ikazama mabegani, na kwa mama yake ilikuwa kama kumwona mjamzito wa mstari wa tatu pale msimamizi anapogonga meza kwa rula.

Akauachia ule mkono. Alama za vidole vinne zilibaki kwenye ngozi, zikapotea moja baada ya nyingine.

Mama mkwe alikuja na kitambaa, akapiga magoti, akaanza kupangusa sakafu.

"Mwanangu, nikuulize. Dakika nne umezitoa wapi?"

Mama Taratibu aliiokota poti kavu, akaisogeza kando.

"Nimelea saba mimi. Hakuna hata mmoja aliyekojoa kwa kengele. Na nesi kule kliniki alikwambia nini? Umwoneshe. Asiharakishwe, asiogopeshwe."

"Nesi hatakuwapo Jumatatu, mama. Na wewe hutakuwapo."

"Sitakuwapo." Bibi alikamua kitambaa ndani ya ndoo. "Unadhani naondoka kifua mbele?"

Ijumaa kibao kilimfikia Mama Taratibu dakika chache kabla ya kutoka. Alikuwa bado chooni kengele ilipolia. Nje, wanawake mia mbili walimiminika kuelekea getini, naye akazolewa katikati yao. Alikigundua nyumbani, alipotia aproni kwenye beseni la kufulia na kitu chekundu kikaibuka na kuelea. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mpaka Jumatatu. Akakifuta, akakitundika kwenye msumari wa taulo, mlangoni pa choo.

Jumamosi asubuhi alibanwa. Akaenda chooni, na mkono ukanyooka wenyewe, ukakitungua kibao msumarini.

Alisimama nacho. Nyumba ni yake. Choo ni chake. Hakuna foleni, hakuna meza, hakuna rula. Na bado alikuwa ameomba ruhusa. Kicheko kilimtoka, kikakatika katikati, na kilichokuja nyuma yake hakikuwa kicheko. Miaka kumi na minne wamemfundisha, wakamfundisha akafundishika, na sasa alikuwa anamfundisha mwanawe somo lile lile, kwa kengele ile ile.

Taratibu alikuwa amesimama nyuma yake, macho kwenye kile chekundu.

Mama yake aliingia chooni akauacha mlango wazi. Alijisaidia mtoto akiona, kibao mapajani, bila haraka. Alipotoka alipigilia msumari mwingine chini kidogo, usawa wa kifua cha mtoto, akakitundika.

"Haya bibiye. Zamu yako."

Mtoto alikichukua. Akakipeleka kwenye poti, akakaa, amekikumbatia. Hakutoa kitu. Akainuka, akakirudisha msumarini, na kamba ikampiga chenga mara tatu kabla haijanasa. Alifanya hivyo mara tisa siku ile, poti kavu, kama mtu anayefanya mazoezi ya ngoma kabla ya ngoma yenyewe. Mama yake akaichukua saa ya kengele, akaizika kabatini chini ya mablanketi.

Jumapili asubuhi alikuwa anamsaidia mama mkwe kupanga nguo kwenye begi. Wakasikia mbao ikikwaruza ukuta. Wakasikia visigino vidogo sakafuni. Kisha, kwenye plastiki, sauti nyembamba ya maji.

Mama mkwe alibaki na shuka mikononi, imekunjwa nusu.

"Usigeuke," alinong'ona. "Usimtazame. Mwache amalize."

Mchana ule mtoto alikwenda potini mara tatu. Mara mbili alilowa. Mama yake alikata boksi, akalipaka rangi nyekundu, akalitoboa na kulitia kamba, ili kile cha kiwanda akirudishe mapema. Taratibu aliligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akaliweka chini kwa heshima zote, akarudi kwenye mbao yake.

Jumatatu saa mbili walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Poti ya bluu ilikuwa imeshawekwa kwenye choo cha watoto, na Taratibu ameoneshwa mara moja tu walipofika: mlango wa tatu, mkono wa kushoto. Kazini mama alikuwa na ruhusa mpaka saa nne. Kibao kilikuwa shingoni mwa mtoto.

"Na hiki?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ndicho anachosemea."

"Watoto wetu huinua mkono."

"Mkono wake haujajifunza bado, mwalimu. Hiki anakijua."

Mwalimu mkuu aliandika kitu. Dakika zilipita. Taratibu alikunywa maji, kikombe kizima, na mama yake akayafuata maji yale kwa macho mpaka yalipoishia. Saa tatu kasoro robo, simu ikatetemeka mkobani.

"Kibao unacho wewe?" Ilikuwa sauti ya Redio, imebanwa, simu yake imefichwa chini ya vitambaa, na nyuma yake mngurumo wa vyerehani.

"Ninacho."

"Mungu wangu! Yule bwana amekaza. Hakuna kibao, hakuna choo. Tumekaa tangu saa moja. Mjamzito analia, shoga, analia huku anashona. Kimbia ukilete."

Kiwanda kilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Mama Taratibu aliiona stuli ya yule bibi mwenye mvi. Akaona kitambaa cha kijani, pembe kwa pembe. Akanyoosha mkono kwenye kifua cha mwanawe.

Taratibu alikifunika kibao kwa viganja vyote viwili.

"Hapana," akasema.

Mkono wa mama ulisimama hewani. Ulikuwa ni mkono ule ule wa Alhamisi. Akaurudisha.

"Redio," alisema, "kibao kina mtu. Anakitumia."

"Mtu gani?"

"Kina mtu, nimekwambia. Nyinyi inukeni muende."

"Bila kibao?"

"Kwani mnakojoa kwa kibao? Mshikeni mjamzito mkono, inukeni wote. Mstari mzima."

"Ataandika majina."

"Aanze na langu. Alishazoea kuliandika."

Redio alinyamaza, na hilo halijapata kutokea. Mama Taratibu hakukata simu. Aliishika sikioni, na alipoinua macho, kalamu ya mwalimu mkuu ilikuwa imesimama.

Taratibu aliteremka kitini. Alibana magoti, akayaachia, akatoka kwa ule mwendo wake wa kupima sakafu, akauacha mlango wa ofisi wazi. Korido ilikuwa ndefu, milango yote ya kijani. Akaupita wa kwanza. Akaupita wa pili. Akaupita na wa tatu.

Mwalimu mkuu akainuka nusu. "Amepita."

"Mwache, mwalimu."

"Atajilowesha."

"Mwache."

Simuni mngurumo ulikuwa unapungua. Cherehani moja ilinyamaza, kisha nyingine, kisha tatu kwa pamoja, kama mvua inavyohama juu ya bati. Stuli zilikwaruza sakafu. Sauti ya mwanaume ilipaza jina, ikapaza jingine, ikachanganyikiwa.

Mtoto alisimama mbele ya mlango wa nne, akaugusa kwa kiganja. Akageuka. Akarudi mpaka wa tatu, akausukuma. Badala ya kuingia alijivua kamba shingoni, akaanza kutafuta msumari. Hapakuwa na msumari. Palikuwa na kitasa. Akairusha kamba, ikateleza. Miguu yake ilikuwa inacheza sasa, goti juu ya goti, na taya la mama yake liliuma kwa kubanwa. Akairusha tena, ikateleza tena.

Mara ya tatu ikanasa.

Taratibu aliingia, akauacha mlango wazi. Kibao kilibaki kikiyumba kwenye kitasa. Mwalimu mkuu alikaa polepole, pasipo kukifanya kiti kilie, na wanawake wale wawili, mmoja simu ikiwa bado sikioni, wakasikiliza.