Upande wa Ukutani

...juu au chini, ananiuliza mchimba kaburi, koleo begani, kana kwamba ananiuliza chai ya maziwa au ya rangi, na mdogo wa marehemu kanishika kiwiko, "Juu, shemeji, kaka kafa msimamizi, ana haki yake," haki, jamani, mume wangu kamaliza ujana chini ya ardhi ndipo wakampa kofia nyeupe, na leo eti ana haki ya kulazwa kule juu, upande wa pili wa ukuta, na mabosi waliokuwa hawaitikii hata salamu yake, lakini juu ndiko wake wanakolazwa na waume zao, huku chini ni wachimbaji watupu, wanaume kwa wanaume, sisi wake zao tunapelekwa ng'ambo ya mfereji, ndivyo mgodi ulivyopanga, na mimi nitalalaje bila mgongo wake, mgongo ule wenye vumbi lisilotoka hata kwa sabuni ya kufulia... "Mama, udongo wenyewe mgumu, nianze mapema"... ngoja kwanza, baba, ngoja... ila kule juu atazungumza na nani, rafiki yake yuko hapa chini, yule aliyeangukiwa na mwamba wakiwa wawili tu, tangu siku ile mume wangu hakulala tena taa ikiwa imezimwa, kila Jumapili anakuja kumpalilia, akimaliza anapalilia na nafasi mbili tupu hapo kando, mpaka ukutani, nami namgombeza, mbili za nini, we mzee, kwani utalala umejitandaza, naye anacheka tu, anakung'uta jembe... mbili... mpaka ukutani... loo, mjinga mimi, chumba chetu cha kambini, kitanda kile chembamba, yeye upande wa mlangoni kwa ajili ya zamu ya alfajiri, mimi ukutani, miaka yote mimi ukutani, "lala huko, mke wangu, nisije nikakuamsha"... na huo mgodi wenyewe si umeshafungwa, bosi gani atafufuka aje anikataze, athubutu aone... "Shemeji, sema basi, watu wanasubiri," koleo bado begani, mkono bado kwenye kiwiko changu, nakupenda, we mzee, nakupenda mno, sasa hivi nafumbua mdomo, namwambia achimbe hapa chini, ubavuni kwa rafiki yako, na ile nafasi ya ukutani asiiguse, ina mwenyewe.