Jina Alilopewa Mtani

Mwanzoni mwa mwaka Recheli alifunga na kuomba, kisha akajiwekea malengo mawili: alijue jina la mpagazi aliyemzaa babu yake, na aliandike kwenye blogu ya ukoo. Aliyebaki kulijua alikuwa Shangazi Josepha peke yake, kule Kwihara, na shangazi alikuwa amechoka sana. Recheli mwenyewe alikuwa amepita miaka hamsini. Kutumia kompyuta alijifunza katika masomo ya jioni kanisani, mtaani Chemchem, akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake.

Mwezi Machi walimzika kaka yake, Gerson. Makaburini mzee Fikiri, Mzaramo mstaafu wa reli, alisimama mbele ya jeneza na jembe begani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana kazi yake msibani.

"Mnalia nini?" akafoka. "Babu yenu mpagazi alimuuza dada yake njiani kwa chumvi! Na huyu mngemuuza, basi tu hana nyama!"

Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Fikiri akapewa kuku wake, ujira wa mtani, akashuka kaburini kumpokea marehemu.

Recheli aliyapenda maneno yale, akayaweka kwenye blogu. Alieleza vizuri kwamba ni utani. Lakini ndugu wa kule Goweko walisambaziana kwenye simu ile sentensi ya dada na chumvi tu, mpaka mtu akamsomea shangazi.

Shangazi akafunga mdomo. Recheli alifuta makala, akaenda Kwihara kuomba radhi, akaambulia salamu. Akarudi tena, safari hii na Fikiri, maana mtani hupatanisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu akitazama ukutani.

"Bibi, kumbe hujafa!" Fikiri akasema. "Nimebeba jembe bure."

"Tangulia wewe, mla kuku wa misiba!" Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

Recheli akapata moyo, akapiga magoti. "Nisamehe, shangazi. Nimeyafuta yote."

"Maneno ya kaburini huzikwa na marehemu, mwanangu. Wewe umeyafukua. Sasa nikupe na jina la babu yangu, ukalianike?"

Akamvuta Fikiri, akamnong'oneza sikioni. Recheli, bado amepiga magoti, aliona midomo yake ikicheza, asisikie kitu.

Walipofika barabarani alishindwa kuvumilia. "Mzee, amekutajia?"

"Amenitajia."

"Basi niambie. Hata kwa mzaha."

"Amenipa nimzike nalo."

"Fikiri, mwaka mzima namwomba Mungu jambo hili moja. Sina mwingine wa kumuuliza."

Alingoja mzee acheke, amwite mjinga, amdai kuku. Fikiri alihamishia jembe bega la pili.

"Mama, hapa sitanii," akasema, akatangulia.

Recheli akamfuata nyuma. Akaanza kumwombea shangazi maisha marefu, kama alivyozoea kila siku, na katikati ya sala akagundua kwamba hata shangazi akiishi miaka mingine kumi, yeye hana tena la kungoja kwake. Hakujua aendelee vipi. Akaiacha hapo, akatembea.