Mfano Mbovu

Saa tatu asubuhi mkono wa kuume wa Mzee ulikuwa juu ya blanketi, umelala vilevile ulivyowekwa. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande huo na kumnyima kauli. Saa nne angekuja mtaalamu wa usemi, naye alikwisha sema bila kuzunguka: asipoona dalili kwamba mgonjwa anaelewa maneno, mazoezi yatasimama.

Bintiye mdogo, mhariri wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, alisogeza kiti. Tangu aanze kazi hiyo, kila neno alilolifafanua alimsomea kwanza baba yake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mfano ukimridhisha, Mzee aligonga meza kwa kidole cha kuume. Ukimchukiza, alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Sifa nyingine hakutoa.

"Leo ni 'water', baba. Kama nomino, maji. Kama kitenzi, kumwagilia: jirani alimwagilia maua. Kwa macho, kutoa machozi: macho yake yalitoa machozi kwa moshi."

Alijua mkono ule umekufa ganzi, lakini macho yake yaliugandia kwa mazoea. Haukusogea.

"Unajichosha bure, mdogo wangu," alisema dada yake, akiingia na shuka safi. "Mwisho utaisomea mito ya kitanda."

"Mito haina ubishi."

Dada alicheka, akafunua blanketi upande wa ukutani, ulikokuwa mkono wa kushoto. Kidole kimoja cha mkono huo kilikuwa kimeinuka. Akaduwaa.

"Hebu rudia hilo la moshi nililolisikia nikiwa mlangoni."

"La nini?"

"We rudia tu."

Akarudia. Kidole cha kushoto kiligonga godoro mara moja.

Mhariri aliinama kukitazama. Akasema, "Huenda ni msuli tu umeshtuka. Tusubiri."

Mtaalamu alipofika, walimsimamisha upande wa ukutani, wakamweleza maana ya kugonga na kupunga. Mhariri alisoma la maua, kidole kikagonga. Kisha, kwa sauti ileile, akasoma sentensi ambayo hakuwahi kuiandika:

"Mfugaji aliwamwagilia ng'ombe wake."

Mkono wa kushoto uliinuka kutoka kwenye godoro, ukapunga.

"Hata mimi ningekufukuza," dada alisema, akijifuta uso kwa ncha ya shuka. "Ng'ombe wananyweshwa, mama."

Mtaalamu aliomba mfano mwingine mbovu. Mhariri akautunga, na mkono ukapunga tena. Mtaalamu akavua koti, akavuta kiti upande wa kushoto wa kitanda, akaanza mazoezi.