Kunyolewa kwa Kunegunda

Beda alipoanza kukojoa damu, alinyamaza. Mkewe, Kunegunda, aligundua mwenyewe alipoingia kufagia choo, akambana mpaka mwanaume akakubali kwenda hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, alimpima, akaketi nao.

"Baba, unavuta sigara?"

"Tangu nikiwa utingo wa lori."

"Na presha?"

Kunegunda ndiye aliyejibu. Mwaka juzi Beda aliambiwa ameze dawa kila siku. Kichwa kilipoacha kuuma, naye akaziacha.

"Kwenu kuna aliyewahi kuugua figo?"

Beda akakiri akitazama sakafu. Baba yake alikufa akikojoa damu.

"Figo yako ya kushoto ina uvimbe, na dalili zote ni za saratani," daktari akasema. "Bahati nzuri haujatoka nje ya figo. Tukiitoa mapema, iliyobaki itakutosha."

"Kwa hiyo ni sigara?"

"Sigara, presha na damu ya ukoo, vyote vinaongeza hatari. Lakini siwezi kukuapia kwamba ni hiki au kile. Wapo wanaovuta mpaka uzeeni wasiugue, na wapo wanaougua hawajawahi kuvuta."

Maneno hayo ya kweli ndiyo yaliyomponza Kunegunda.

Jioni ndugu wa mume walijaa sebuleni kwao Matarawe. Kajetani, baba mdogo wa Beda, aliuliza ugonjwa umetokana na nini.

"Daktari amesema hawezi kuapa," Beda akajibu, akaishia hapo.

Kunegunda alingoja aendelee.

"Sema yote, baba Hilda. Sema sigara. Sema presha."

"Mgonjwa ni mimi, mama Hilda."

Ida, dada mkubwa wa Beda, akagonganisha viganja kwa masikitiko. "Kwanza baba, sasa Beda. Na baba aliugua mwaka uleule wifi alioolewa humu. Au nasema uongo?"

Hakusema uongo. Mwaka ulikuwa uleule.

"Hatumshtaki mtu," Kajetani akasema taratibu. "Aende tu akanyolewe, ukoo upate amani."

Kila mtu pale alijua maana yake. Anayeshukiwa uchawi hupelekwa kwa mganga, akanyolewa kipara na kunyweshwa dawa, uchawi wake ukakatika. Akikataa, ana la kuficha. Akikubali, amekiri.

Kunegunda alifikiria kurudi kwao Mbinga. Kaka zake wangempokea, lakini huku wangesema mchawi amekimbia. Na Hilda, binti yake, angeitwa mtoto wa nani?

Walipobaki wawili chumbani, Beda alisema bila kumtazama, "Mimi siwezi kupasuliwa nyumba ikiwa na maneno. Nenda. Nywele zitaota."

"Daktari amesema tusichelewe."

"Basi usichelewe."

Hapo akawa hana pa kutokea. Kichwa chake kingebaki na nywele, uvimbe ungebaki tumboni mwa mumewe.

Alikwenda. Kijijini kwa mganga, kwenye njia ya Tunduru, Ida alimshika pindo la kitenge kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi. Wembe ulikuwa butu. Dawa ilikuwa chungu, akainywa yote, maana mganga alikuwa akimtazama koo. Jumapili alijifunga kitambaa akaenda kanisani, na wanawake wa benchi lake wakasogea kumpa nafasi, nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji.

Beda akapasuliwa. Figo ikatoka, uvimbe ukatoka nayo, na baada ya wiki chache alikuwa anakula ugali na kucheka na majirani. Kajetani alimshukuru Mungu mbele za watu, akaongeza, "Na aliyemshika amekubali kumwachia." Daktari hakutajwa.

Kunegunda alifurahi, lakini kupona huko hakukumsafisha. Angekufa Beda, wangesema kamuua. Amepona, wanasema kamwachia.

"Wewe ulimsikia daktari," alimwambia mumewe.

"Nilimsikia."

"Waambie basi."

"Mama Hilda, si nimepona? Mambo yamekwisha."

Na kweli alimsikia. Sigara aliacha. Dawa ya presha aliimeza kila asubuhi, kwa maji aliyompa Kunegunda kwa mkono wake. Yote ya daktari aliyafuata, isipokuwa kuyatamka mbele ya ndugu zake.

Siku moja Ida alikuja kumsalimia Beda, hakumkuta. Alikaa kwenye mkeka, uso umevimba, akijibonyezabonyeza kwenye paji. Kunegunda akamletea chai. Alitaka kunyamaza, akashindwa.

"Wifi, nenda ukapime presha. Wewe na baba Hilda ni damu moja. Hicho kichwa usikidharau."

Ida aliacha kujibonyeza. Akaisukuma chai pembeni, polepole, isimwagike.

"Nani kakwambia kichwa kinaniuma? Au sasa umenishika mimi?"

Kunegunda akanyosha kidole kumwonyesha paji lake. Ida alikwisha simama, anatafuta viatu vyake.