Siku ya Kuoshwa Miguu

Kabla Mzee wa Kanisa hajaosha miguu ya maskini mbele ya kamera, ilibidi miguu yenyewe ioshwe kwanza. Akina mama wawili walimkalisha mama mmoja aliyeitwa Taratibu kwenye stoo nyuma ya madhabahu, wakammwagia dawa ile ya kusafishia vyoo, na mmoja akaanza kumsugua kwa brashi huku amegeuzia uso ukutani.

"Jamani mama, inanuka!" alilalamika yule mwenye brashi.

"Inanuka tangu mwaka juzi," alijibu Taratibu. "Pole, mwanangu."

Lo! Anayesuguliwa vidonda ni yeye, na anayetoa pole ni yeye.

Jina la Taratibu alipewa kwenye kiwanda cha ngozi, kwa jinsi alivyotembea. Miaka nenda miaka rudi alisimama pekupeku kwenye mashimo ya chokaa, akikanyaga ngozi mbichi mpaka manyoya yanyonyoke. Chokaa ilinyonyoa ngozi za ng'ombe, ikamla na yeye. Wafanyakazi walipoomba mabuti ya mpira, mwenye kiwanda aliwaambia wavumilie, biashara ngumu. Taratibu aliposhindwa kusimama aliachishwa kazi bila hata ahsante, na binti yake akaingia shimo lile lile, pekupeku vile vile. Mwenye kiwanda huyo ndiye Mzee wa Kanisa, mnunuzi wa spika zote mle kanisani.

Kusamehe, alikwisha kumsamehe. Haikuwa rahisi, msidhani. Alimtukana matusi ya nguoni, akagombana na Mungu wake kitandani, akalia mpaka sauti ikakauka. Kisha moyo ukalegea, akaanza hata kumwombea, yeye na watoto wake. Hakuna aliyemwagiza. Leo alitaka kitu kimoja tu: mabuti ya binti yake, kabla na yeye hajaliwa na chokaa.

Mchungaji alichungulia stooni, leso puani. "Mama, utapewa maiki. Sema umemsamehe kwa upendo wa Kristo. Usiongeze neno."

"Nina shida kidogo, baba mchungaji, nilitaka nimwambie..."

"Leo si siku ya shida, mama. Leo ni siku ya upendo."

Kanisa lilijaa pomoni. Mzee wa Kanisa, ndani ya suti nyeupe, alipiga magoti juu ya mto laini mbele ya Taratibu na beseni la maji, na waumini wakaitikia "Amina!" hata kabla hajagusa maji. Kisha akanyoosha mikono, na mhudumu akamvalisha glavu za mpira, nene, ndefu mpaka viwikoni. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeguna. Taratibu alizitazama glavu zile. Kumbe zinapatikana!

Mzee alipomshika mguu, akamwinamia. "Bosi, nimekusamehe, Mungu shahidi. Mnunulie binti yangu mabuti. Na glavu kama hizi."

Bosi alikuwa akiitabasamia kamera. "Binti yako ana kazi, mama, ashukuru," alisema bila kuchezesha midomo. "Usiniharibie shughuli."

Maiki ikaletwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Taratibu alimwona binti yake, mikono kaificha ndani ya khanga. Akisema lililo moyoni, mtoto hana kazi. Akinyamaza, mtoto anarudi shimoni. Mchungaji akamtolea macho.

"Nimemsamehe," alisema.

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo alipochukia zaidi. Kitu alichokitolea jasho na machozi peke yake, leo kinapigiwa makofi, na makofi yote yanakwenda kwa bosi. Wengine walilia. Mchungaji alimkumbatia Mzee wa Kanisa. Taratibu aliachwa kitini, miguu ndani ya beseni, maji yamekuwa mekundu.

Ibada ilipokwisha, alijikokota mpaka stoo, akatia mkono kwenye pipa la taka, akazitoa zile glavu. Alikuwa anazisuuza bombani mke wa mchungaji alipoingia.

"We mama! Tupa hizo, uchafu! Si zimeshika ile miguu?"

Taratibu alizikung'uta maji, akamwita binti yake aliyekuwa amesimama nje.

"Hebu jaribu, mwanangu. Zitakutosha?"

Binti aliitoa mikono khangani. Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kumenyeka. Aliingiza mkono mmoja nusu, mpira ukamnasa, akauma meno.

"Sukuma," alisema mama yake. "Sukuma tu, kesho mapema uko zamu."