Kozi Isiyorudishwa

Mama Yayeri, mama mkwe wake, hakumwuliza Evas kama anataka kujifunza Kipolandi. Alimtupia tu habari hiyo jikoni, kama mtu anayemwaga maji machafu bila kuangalia nani anapita.

"Davis anakuja mwezi wa nane. Anakuja na mukewe muzungu na mutoto. Mutoto anajua Kipolandi tu. Kesho wewe na Bright mwende Kasese, mutafute kozi ya wanaoanza. Si wewe ndiye umesoma?"

Evas aliacha kusonga ugali wa muhogo. "Mama, mukewe ni mimi."

"Kwa muzungu wewe ni binti wa ndugu, unatusaidia kazi. Davis amemwambia muzungu wake hivyo, na sisi tutasema hivyo. Jifunze kusema maji ya moto iko tayari. Basi."

Miaka mitano Evas alikuwa amepalilia kahawa ya watu hawa hapa Bwera, akimngoja mume aliyekwenda kufungasha kuku katika kiwanda huko Polandi. Mbuzi kumi na wawili wa mahari walikuwa bado kwa baba yake, kijijini Kyondo, na walishazaa. Kwa mila yao, mbuzi wasipodaiwa mbele ya wazee, mke ni mke. Alitaka kuyasema hayo. Akainamisha kichwa, kama kawaida yake, akaurudia mwiko wa ugali.

Kesho yake, Bright, shemeji yake, alimtangulia hatua mbili kutoka stendi ya Kasese mpaka sokoni, kama askari anayepeleka mahabusu. Walisimama kwenye kibanda cha Wahab, fundi wa simu.

"Kozi za Kipolandi ninazo tatu," Wahab alisema. "Vijana wanaoondoka ndio wanaoziulizia. Ya wasafiri, ya vibarua, na ya familia. Sikiliza kwanza, dada. Nikishaiweka kwenye simu yako, sipokei tena. Iliyoingia imeingia."

"Ya vibarua," Bright akadakia. "Huyu ni wa kubeba na kuosha."

"Anayesoma ni wewe au yeye?"

"Uza vitu vyako, fundi. Ya nyumbani kwetu tuachie."

Evas alivaa vispika vya masikioni. Kozi ya wasafiri ilikuwa na hoteli na uwanja wa ndege tangu mwanzo hadi mwisho. Ya vibarua ilianza na beba, ngoja, fanya haraka, samahani bosi. Maneno hayo hakuhitaji kwenda Kasese kuyatafuta. Aliamshwa nayo kila asubuhi. Ya tatu ilifunguka kwa wanawake wawili waliokutana mlangoni. Kila mmoja alimwambia mwenzake yeye ni nani. Kisha mwalimu akaeleza kwa Kiingereza: hivi ndivyo unavyosema mimi ni mke wa fulani, na jina unaweka mwenyewe.

Akairudisha nyuma akasikiliza tena. Mara tatu.

"Hii," akasema.

"Ina nini hiyo?" Bright alimpokonya vispika, akakunja uso. Kiingereza kilimpita. Shule aliiacha darasa la nne, na nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kulitaja jambo hilo. Wahab alikuwa akimtazama.

"Nimeelewa yote," Bright alisema. "Ya kukaribisha wageni. Weka."

Kama angemwuliza Evas, angemwambia. Hakumwuliza.

Jioni Mama Yayeri alikuwa uani akichambua kahawa kwenye ungo. "Haya, musomi. Sema tusikie."

Evas alisimama mbele yake. "Jestem żoną Davisa."

"Sikia, Mama!" Bright alipiga makofi. "Muzungu kabisa!"

Mama Yayeri alitabasamu, jambo ambalo Evas hakuwa amelipata kwake kwa miaka mitano. "Umemutaja Davis wangu. Umesema nini?"

"Nimesema mimi ni mke wa Davis."

Mkono wa Mama Yayeri ukakwama kwenye ungo. Bright akaangalia viatu vyake.

"Futa," Mama Yayeri alisema. "Kesho murudishe hiyo takataka, mulete ya kazi."

"Fundi hapokei, Mama. Iliyoingia imeingia." Safari hii hakuinamisha kichwa. "Na mimi nimeingia hapa kwa mbuzi kumi na wawili. Nendeni Kyondo, muwadai mbele ya wazee, museme nimekosa nini. Siku baba akiwarudisha, siku hiyo nitajifunza neno la mtumishi."

Mama Yayeri aliusukuma ungo pembeni. Alijua wazee wangeuliza swali lile lile, na jibu hakuwa nalo.

"Nyoka," alisema. "Kuanzia leo chakula unachopika sikili."

"Sawa, Mama."

Evas aliingia jikoni, akateleka maji ya ugali wa mtu mmoja. Aliichomeka simu kwenye ufa wa ukuta, akaiwasha bila vispika, sauti juu mpaka mwisho. Yule mwanamke wa mlangoni kwenye kozi akamwuliza yeye ni nani. Evas alimjibu kwa nguvu, uani wasikie.