Nyumba ya Mama Kulwa

Ilipokaribia saa kumi na moja jioni, Zuwena aliipua sufuria ya maharage, akaiweka sakafuni juu ya ngata, kisha akashusha glasi zote kutoka juu ya kabati na kuzifunga ndani ya kanga. Mama mkwe wake, Mama Kulwa, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani, miguu ameinyoosha. Kuku walikuwa chini ya tenga. Kule mgodini baruti ikalipuka ndani ya ardhi, bati zikatetema, na nyumba ikasogea mbele kiasi cha upana wa mkeka, ikatulia. Zuwena akairudisha sufuria jikoni, akatoka kuangalia mlango umeelekea wapi. Ulikuwa umeelekea kwenye karanga za jirani yao Stanslaus.

Ndivyo zilivyokuwa nyumba za Mwanubi, kitongoji kilichoko nje kidogo ya Segese, kando ya uzio wa mgodi. Mlipuko wa jioni ulizisogeza, kila moja kwa upande iliotaka. Nyingine zilizunguka zikarudi zilikotoka. Nyingine zilikwenda kukaa kwa jirani masika nzima. Vyoo havikusogea, wala visima, wala makaburi, kwa hiyo watu wa Mwanubi walikuwa na miguu mizuri.

Zuwena alizaliwa Muheza, ambako nyumba hukaa pale ilipojengwa. Doto alimwoa alipokuwa akipeleka lori kule kupakia machungwa, akamleta kwa mama yake. Jioni ya kwanza, nyumba iliposogea, Zuwena alifunga begi. Mama Kulwa alimtazama akifunga, hakumzuia.

"Inatembea tu, mayu," alisema. Mayu ni mama, na huko hata msichana huitwa hivyo. "Haijaangusha mtu."

Asubuhi basi la kwenda Kahama lilikuwa limejaa, Zuwena akaahirisha. Kisha akaahirisha tena. Mwanzoni aliwacheka watu wa huko kimoyomoyo: walisema kalibu badala ya karibu, chai ya langi badala ya chai ya rangi, na salamu zao zilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu aliyetumwa chumvi alirudi mboga imeshaiva. Waliuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, wakatulia, wakaanza tena na za watoto. Walikausha viazi vitamu juani mpaka vikawa michembe migumu kama kuni, wakavitafuna na karanga, wakaona wamekula. Na nyumba yako ikiingia shambani kwa mtu, hakugombezi. Stanslaus alikuja na fimbo yake ya kuchungia, akasimama mlangoni, akawaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mnakaa au mnapita?"

"Tunapita, baba," alijibu Mama Kulwa.

"Basi piteni polepole, karanga hazijakomaa."

Ilikuwa siku hiyo, akimtazama Stanslaus akihamisha miche iliyokuwa mbele ya ukuta, mmoja mmoja kwa mikono, ndipo Zuwena alipotambua kwamba hatafunga begi tena. Alizoea kuamka na kutojua atamkuta nani ng'ambo ya dirisha. Alijifunza kusema wabeja kila aliposhukuru. Alijikuta akitafuna michembe akiwa hana hata njaa. Alipompigia simu mama yake Muheza alizungumzia nyumba yao kama mtu anavyozungumzia mbuzi mkaidi anayempenda.

Jambo moja tu lilimchukua muda kulitambua. Nyumba za wengine zilitangatanga, lakini ya Mama Kulwa haikupinda hata kidogo. Kila jioni ilikwenda upande uleule, mashariki, kwenye uzio.

"Inakwenda wapi hii?" aliuliza siku moja wakipembua mchele.

"Kwa Kulwa," Mama Kulwa alijibu, kisha akaona kajiwe, akakatupa.

Kulwa alikuwa pacha wa Doto, wa kwanza kutoka. Kabla ya uzio kuwekwa, yeye na wenzake walikuwa na duara lao la dhahabu upande ule, shimo refu lililoshikiliwa kwa magogo. Likatitia wakiwa ndani. Watu wa Mwanubi walichimba kwa majembe na sufuria mpaka wakasikia kubisha kutoka chini, jiwe juu ya jiwe, kwa utulivu, kama mgeni mwenye adabu. Eneo lilikuwa limeshapewa kampuni wakati huo. Wakaja watu wenye kofia ngumu wakasema pale ni hatari, kila mtu aondoke. Watu wakaondolewa. Gari la matangazo likapita kitongojini likisema duara limekaguliwa na halikuwa na mtu. Uzio ukafuata. Mama Kulwa alikwenda getini kuomba wamtolee hata mifupa, akaambiwa arudi. Akarudi. Aliporudi mara ya mwisho hakuwepo hata mtu aliyekumbuka kwamba palikuwa na duara.

"Niliacha kwenda," alisema. "Nikaona nyumba imeanza kwenda."

Karanga za Stanslaus zilivunwa, nyumba ikapita. Ikavuka njia ya ng'ombe, ikakaa kiangazi kizima kwenye kichaka cha minyaa, ikatoka. Ulipobaki uwanja mdogo tu kabla ya waya, alikuja Abel, afisa mahusiano wa mgodi, kijana mpole mwenye fulana inayong'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kalibu."

Alikaribishwa kiti, akapewa maji, akayanywa. "Mama, hii nyumba inakuja kuingia eneo la mgodi."

"Naiona."

"Hamuwezi kuizuia?"

"Wewe unaweza kuzuia baruti?"

"Baruti ina ratiba yake, mama."

"Basi na nyumba ina ya kwake."

Zuwena akauliza kama kuna fidia. Abel akaeleza bila ukali kwamba fidia ni ya nyumba inayohamishwa, na hii inahama yenyewe. Akashukuru kwa maji, akaondoka.

Siku ambayo nyumba ingeufikia uzio, Mama Kulwa alimwambia Zuwena atoe vitu vyake. Doto alikuwa safarini na lori, Burundi. Zuwena alitoa godoro, kabati na kuku, akavipeleka kwa Mariana, mjane aliyekuwa na chumba cha ziada. Kisha akarudi akakaa kwenye mkeka.

"Toka, mayu," alisema mama mkwe wake.

"Sitoki. Wewe utakula nini humo?"

"Ukiingia nami, nani ataniletea chakula uzioni?"

Zuwena akamshika mama mkwe wake miguu, akaiachia, akatoka. Mama Kulwa alibakiwa na kigoda, sufuria, karai, ufagio, kibuyu na jembe. Baruti ikalipuka. Waya zikajinyanyua, zikapita juu ya paa, zikashuka upande wa pili bila kukatika hata moja. Mlinzi aliyekuwa zamu, Boaz, alisogea pembeni kuipisha nyumba, kisha akaongea kwenye redio yake kwamba imeingia.

Tangu hapo Zuwena alikuwa akienda uzioni kila asubuhi na bakuli. Boaz alilipokea, akalipeleka. Sheria ilikataza watu kuingia, alisema, haikutaja ugali. Mama Kulwa alifagia uwanja wake mpya kila siku, na kila siku ulikuwa mbali zaidi, mpaka sauti haikufika tena, wakawa wanapungiana mikono. Kisha ikafika jioni ambayo mlipuko ulipiga, nyumba zote za Mwanubi zikasogea, na ile moja haikusogea. Ilisimama mahali palipokuwa na udongo wa rangi tofauti kidogo, ikakaa.

Kesho yake Zuwena alimwona mama mkwe wake akitoka na karai la udongo, akalimwaga mlangoni, akaingia, akatoka na jingine. Alichimba sakafu kwa siku nyingi. Kichuguu kikaota mbele ya mlango. Abel alikwenda kumwambia kwamba udongo wa ndani ya uzio ni mali ya kampuni na hauruhusiwi kuhamishwa. Mama Kulwa alimwambia ainame asikilize. Abel akavua kofia, akaweka sikio sakafuni.

Alipopita uzioni akirudi, alikuwa na vumbi shavuni. Zuwena akamsimamisha.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kuna mtu anabisha."

"Mtamtoa?"

Abel aliifuta kofia yake kwa kiganja. "Eneo lile limepangiwa magwangala, dada. Ramani imeshapitishwa."

Magwangala ni mawe yasiyo na dhahabu ya kutosha, ambayo mgodi huyamwaga. Yakimwagwa huwa mlima.

Zuwena alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alisikitika sana. Alikwenda getini, akaambiwa arudi. Akampigia simu Doto.

"Kulwa angekuwa amekufa ningejua," alisema Doto. "Nimekuwa nikisema hivyo tangu zamani, hakuna aliyeniuliza nimejuaje." Akageuza lori.

Hakuwahi. Asubuhi iliyofuata Mama Kulwa alitoka akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisimama juu ya kichuguu ili aonekane vizuri. Aliinua kibuyu cha maji, akakionyesha, kisha mfuko wa michembe aliyoletewa na Zuwena, akauonyesha pia. Akapunga mkono, si kwa haraka. Zuwena akapiga magoti kwenye vumbi kama wanavyopiga magoti wakwe wa huko wanapoaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa moyo kabla ya siku hiyo. Mama Kulwa akaingia ndani, akarudisha mlango.

Boaz, aliyekwenda kuangalia baadaye, alisema sakafu ilikuwa na shimo zuri, limechongwa ngazi, na kwamba kubisha kulikuwa kumekoma. Alichosikia ni watu wakizungumza Kisukuma, lakini yeye ni Mkurya, hakuelewa.

Malori yakaja kabla ya saa sita mchana. Zuwena alizishika waya, akaita mpaka Abel akaja.

"Kuna watu mle."

"Taarifa inasema nyumba ni tupu."

"Uliweka sikio lako mwenyewe."

"Niliweka," alisema Abel. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuyaficha. "Lakini mimi si taarifa, dada."

Lori la kwanza likainua mgongo, mawe yakamiminika juu ya bati. Yalitoa sauti ya mvua kubwa, kisha bati halikusikika tena. Jioni gari la matangazo lilipita Mwanubi likisema eneo limekaguliwa, halikuwa na mtu. Doto alifika likiwa bado linazunguka. Alilitazama lile lima la mawe, akakaa chini mahali alipokuwa amesimama, na mkewe akakaa karibu naye. Baadaye watu wakaja kuhani. Waliuliza habari za safari, za mvua, wakatulia, wakaanza tena na za safari, na Zuwena aliona kwamba hakuna namna nyingine ambayo angependa kuhaniwa.

Doto alitaka wahamie Muheza. Zuwena alikwenda kwao kuona, akakaa kipindi kifupi. Kila jioni mwili wake ulijikaza kusubiri, na nyumba ya baba yake ikabaki palepale kama kitu kilichonuna. Mama yake alimsikia akiitikia salamu, akamwambia umeanza kusema kama wao. Akapanda basi akarudi. Alipofika, Doto alikuwa amejenga kibanda cha kuku kwa Mariana, na mlima wa magwangala ulikuwa umeanza kuota nyasi upande wa magharibi.

Siku moja baada ya mlipuko, Zuwena alitoka nje ya nyumba ya Mariana kuangalia mlango, akaangalia pia siku ya pili na ya tatu ili awe na hakika. Akaingia ndani. Mariana alikuwa anasonga ugali.

"Nyumba yako haizunguki tena," Zuwena alimwambia. "Inakwenda mashariki."

"Nimeona."

"Ya Stanslaus nayo."

"Wana mtoto wa dada yao kule." Mariana aliubana ugali ukingoni mwa sufuria. "Mle duarani Kulwa hakuwa peke yake."

"Wewe una nani?"

"Mdogo wangu. Enock."

Nje, kwenye uwanja uliobaki kati ya nyumba na uzio, vijana wa upimaji walikuwa wakipigilia vigingi vyekundu kwa ajili ya mlima wa pili. Walikuwa wameomba maji ya kunywa mchana, na Mariana alikuwa amewapa.

Zuwena alitandika mkeka, akaleta maji ya kunawa. "Enock anapenda kula nini?" aliuliza.

Mariana akafikiri. "Maziwa ya mgando," alisema. "Yakiwa na uchachu hasa."

Kulipopambazuka Zuwena alichukua kibuyu kitupu, akakisuuza, akaenda kwa Stanslaus kuomba maziwa kabla ng'ombe hawajatolewa malishoni, ili yapate muda wa kuganda.